Mada Kwanza: Namna ya Kufumbua Fumbo la Maneno la Gazetini

Msomaji anayejaribu kwa mara ya kwanza fumbo la maneno la gazeti la Kimarekani huanza na kidokezo cha 1 Mlalo; akikwama huenda cha pili, akikwama tena huenda cha tatu, na baada ya dakika kumi hulikunja gazeti akiamini kwamba Kiingereza chake hakitoshi. Mara nyingi kilichopungua si Kiingereza bali utaratibu. Fumbo lenye mada hubeba majibu marefu matatu, manne au matano yaliyofungwa kwa wazo moja, na mtu akiling'amua wazo hilo mapema hupata kwa mkupuo herufi hamsini hivi ambazo vinginevyo angezichimba moja moja. Kwa hiyo ushauri wangu wote umejengwa juu ya jambo moja: isake mada tangu dakika ya kwanza, na ukishaipata itumie kama chombo cha kazi, usiiache ikae kama pambo la kufurahia mwishoni.

Nitazungumzia hasa fumbo la The New York Times, kwa sababu kanuni zake zinafanana, kwa tofauti ndogo ndogo, na zile za magazeti mengine ya Marekani kama Los Angeles Times na The Wall Street Journal. Mafumbo ya Kiingereza ya aina nyingine, yale ambayo kila kidokezo chake ni mchezo wa maneno uliofichwa ndani ya sentensi na ambayo The Times la London lilianza kuyachapisha mwaka 1930, ni elimu ya peke yake, nami siyagusi. Isipokuwa nikisema vinginevyo, mifano nimeitunga mwenyewe, mingine kwa Kiingereza na mingine kwa Kiswahili, ili mbinu ionekane bila kumharibia mtu fumbo alilolipanga kulifanya jioni.

Litazame jedwali kabla ya kusoma kidokezo

Jedwali la siku za kazi lina visanduku 15 kwa 15, yaani 225, vingine vyeupe na vingine vyeusi. La Jumapili lina 21 kwa 21. Neno fupi kabisa ni la herufi tatu, na kila kisanduku cheupe ni cha maneno mawili, moja la mlalo na jingine la wima. Kanuni hii ya mwisho ndiyo rehema kubwa ya mchezo, kwani hakuna herufi isiyokuwa na shahidi wa pili. Tena ukiligeuza gazeti juu chini, mpangilio wa visanduku vyeusi hubaki vilevile.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Fumbo la kwanza, lililotungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, na kuchapishwa katika New York World tarehe 21 Desemba 1913, lilikuwa na umbo la almasi lenye uwazi katikati. Kanuni za leo zilikazwa baadaye, kwa sehemu kubwa kwa mkono wa Margaret Farrar, mhariri wa kwanza wa mafumbo wa The New York Times. Gazeti hilo, ambalo mwaka 1924 liliubeza mchezo huu kuwa ni kupoteza wakati, lilisalimu amri na kuanza kutoa fumbo la kila Jumapili tarehe 15 Februari 1942, kisha la kila siku tarehe 11 Septemba 1950.

Ulinganifu wa jedwali una faida ambayo wanaoanza hawaitumii. Majibu ya mada hukaa mahali palipolingana: likiwapo moja katika safu ya tatu kutoka juu, mwenzake wa urefu uleule yumo katika safu ya tatu kutoka chini, na likiwapo la katikati kabisa, hilo mara nyingi ndilo ufunguo. Kabla ya kusoma chochote, pitisha jicho na utie alama ya penseli pembeni mwa majibu marefu kuliko yote ya mlalo. Majibu marefu ya wima nayo yanaweza kuwa ya mada, lakini mara nyingi ni ya kujazia tu, na yasikushughulishe mwanzoni.

Angalia pia siku ya juma. Katika The New York Times, Jumatatu ndiyo nyepesi kuliko zote, na ugumu hupanda siku hadi siku mpaka Jumamosi. Jumatatu hadi Jumatano mada huwa ya wazi. Alhamisi huja na hila. Ijumaa na Jumamosi kwa kawaida hakuna mada, na anayeisaka siku hizo anawinda katika pori lisilo na mnyama. Jumapili ni kubwa kwa umbo, lakini ugumu wake ni wa katikati ya juma, kwa hiyo isikutishe kwa ukubwa wake. Ya Jumapili hupewa kichwa. Za siku nyingine hazina. Katika The Wall Street Journal hata fumbo la siku ya kazi lina kichwa, nacho ni kidokezo cha bure cha mada, kwa hiyo kisome mara mbili. Ikiwa huna uzoefu, fanya za Jumatatu na Jumanne kwa miezi miwili kabla ya kuigusa Alhamisi. Sioni aibu yoyote katika kubaki Jumatatu.

Lugha ya vidokezo

Kidokezo na jibu lake ni lazima viweze kubadilishana nafasi ndani ya sentensi moja. Kidokezo kikiwa kitenzi cha wakati uliopita, jibu nalo ni la wakati uliopita. Kikiwa nomino ya wingi, jibu ni la wingi. Kikiwa na neno lililofupishwa, jibu nalo ni kifupisho. Sheria hii inakupa herufi hata kabla hujajua jibu. Kidokezo cha wingi kinakuruhusu kuandika S hafifu katika kisanduku cha mwisho, cha wakati uliopita kinaruhusu ED, na cha kulinganisha kinaruhusu ER au EST. Nasema hafifu kwa sababu Kiingereza kina wingi usiofuata desturi na vitenzi visivyochukua ED, na watunzi wanajua kwamba wewe unajua sheria hii.

Kidokezo kikiwa na jina la mji au nchi ya kigeni, au neno la lugha nyingine, jibu huwa katika lugha hiyo. Rafiki wa Paris ni AMI. Maneno yakiwa ndani ya alama za kunukuu, jibu ni usemi mwingine wa mdomoni wenye maana ileile. Yakiwa ndani ya mabano ya mraba, jibu ni sauti au ishara isiyo neno kamili, kama vile kushusha pumzi kwa uchovu. Palipoachwa pengo, unatakiwa kulijaza, na hivyo ndivyo vidokezo vyepesi kuliko vyote.

Alama ya kuuliza mwishoni mwa kidokezo inataka subira zaidi. Maana yake ni kwamba maneno yanachezewa, na ukiyachukua kwa maana yake ya kwanza utapotea. Kwa Kiswahili ningeandika: "Hupanda bila ngazi?" na jibu la herufi tatu likawa BEI. Mtu aliyekulia katika baraza za "Kitendawili!" na "Tega!" hapaswi kujiona mgeni hapa. Aliyezoea kwamba nyumba isiyo na mlango ni yai ameshapata nusu ya mafunzo. Kilichobaki ni kuitambua alama inayomwambia kwamba sasa ametegewa.

Vidokezo vinavyoumiza zaidi ni vile visivyo na alama hiyo lakini vina neno la maana mbili. Fikiria kidokezo cha Kiswahili chenye neno moja tu: "Paa." Je, ni mnyama, ni sehemu ya nyumba, au ni kitendo cha ndege? Kiingereza kimejaa maneno ya namna hiyo, na mengi yanaweza kuwa nomino na kitenzi kwa wakati mmoja bila kubadilika hata herufi. Kuna mtego mwingine: neno la kwanza la kidokezo daima huanza kwa herufi kubwa, kwa hiyo jina la mahali linaweza kujificha pale wazi kabisa. Ukiona "Nice friend", usifikirie wema wa rafiki, fikiria mji wa Nice ulioko Ufaransa, na utaiandika AMI kwa mara nyingine. Unapokwama, jiulize maneno mawili: neno hili lina maana gani nyingine, na lingekuwa aina gani nyingine ya neno?

Kuweka msingi

Anza na vidokezo vyenye pengo, popote vilipo. Kisha tafuta majibu mafupi unayoyajua kwa hakika, na ukipata moja, usiruke kwenda upande mwingine wa jedwali. Fanyia kazi maneno yanayolikata hilohilo, yakupeleke hatua kwa hatua mpaka kona yote ijae. Wanaorukaruka huishia na visiwa vinane vya maneno mawili mawili ambavyo havisaidiani.

Katika kuweka msingi utakutana tena na tena na maneno mafupi ambayo Wamarekani wenyewe huyatumia kwa nadra katika mazungumzo lakini watunzi huyapenda kwa wingi wa irabu zake: ETUI, kijaluba cha sindano; EPEE, upanga wa mchezo; ERNE, tai wa baharini; OLEO, siagi ya kutengenezwa; ARIA, wimbo wa opera. Biskuti ya OREO na ziwa la ERIE ni kama wakaazi wa kudumu. Michezo ya Marekani inaleta tabu yake: ERA si zama tu bali pia ni kipimo cha mrushaji mpira wa besiboli, na mchezaji wa hoki anayeitwa ORR na wa besiboli anayeitwa OTT wanatokea mara nyingi kuliko umaarufu wao wa leo unavyostahili. Weka daftari dogo, uandike kila neno kama hilo pamoja na kidokezo chake. Baada ya kurasa tatu utaona marudio.

Lakini usidhani kwamba kila kitu kiko ng'ambo ya bahari. OMAN ni neno linalopendwa mno na watunzi, nne kwa urefu na irabu mbili, pamoja na OMANI, EMIR na ADEN. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuambiwa kwamba Muscat iko wapi. Wanyama wetu nao wamo: GNU, ambaye ni nyumbu, na ELAND, ambaye ni pofu. SAFARI na SIMBA yameingia kama maneno ya kawaida, IMAN wa Somalia hutajwa kwa kazi yake ya uanamitindo, na IDI huja kwa sababu ya Amin. Kila ninapokuta SIMBA katika fumbo la New York nafurahi zaidi kidogo kuliko inavyofaa.

Kuisaka mada

Tuchukue jedwali hili nililolipanga. Majibu marefu ya mlalo ni matano: safu ya 3 ina herufi 12, safu ya 5 ina 10, safu ya 8 ambayo ni ya katikati ina 11, safu ya 11 ina 10, na safu ya 13 ina 12. Angalia jinsi yanavyolingana, 3 na 13, 5 na 11. Bila kusoma kidokezo hata kimoja tunajua mada imekaa wapi.

Sasa pitia orodha nzima ya vidokezo ukitafuta kimoja kinachojitaja. Mtunzi mara nyingi huweka jibu ambalo ni ufunguo wa mengine, na kidokezo chake husema wazi kwamba ni dokezo la yaliyo katika safu fulani na fulani. Maneno ya Kiingereza ya kuyaangalia ni kama "hint", "this puzzle's theme" na "starred clues". Vidokezo vyenye alama ya nyota pembeni ndivyo vya mada. Katika fumbo langu, kidokezo cha safu ya 8 kinasema: jiandae kwa wageni wa chakula cha jioni, na ni dokezo la miisho ya safu za 3, 5, 11 na 13. Neno "miisho" lina thamani kubwa kuliko sehemu nyingine yote. Limekuambia kwamba mada iko katika maneno ya mwisho, kwa hiyo unapotafuta herufi za kukata, anza upande wa kulia wa majibu hayo marefu.

Tuseme maneno ya wima yamekupa GLASS mwishoni mwa safu ya 3 na PLATE mwishoni mwa safu ya 13. Unaweza kufikiri: vitu vinavyovunjika. Ni wazo zuri, na ni kosa. Mada haijathibitika kwa mifano miwili. Mifano miwili inaweza kufungwa na kamba kumi tofauti. Subiri wa tatu. Safu ya 5, ambayo kidokezo chake kinahusu kifaa cha mpiga ala anayetaka sauti sahihi, inamalizikia FORK, na uma hauvunjiki. Wazo la kwanza limekufa, la pili limezaliwa: glasi, sahani na uma vinakaa mezani. Hapo ndipo safu ya 11, ambayo hukuwa na herufi yake hata moja na ambayo inahusu hoki ya barafu usiyoijua, inafunguka. Unatafuta herufi kumi, mwisho wake ni chombo cha mezani, nayo ni zawadi ya mabingwa: STANLEY CUP. Safu ya 3 ni LOOKING GLASS, kioo cha kujitazamia. Ya 5 ni TUNING FORK. Ya 13 ni LICENSE PLATE, bamba la namba za gari. Na katikati ni SET THE TABLE, kutandika meza. Herufi 55 zimepatikana, na nyingi kati ya hizo umezipata kwa kufikiri wala si kwa kujua.

Mada nzuri ina ukali ndani yake, na ukali huo unakusaidia wewe. Maneno yote manne yako mwishoni, yote ni ya umoja, na katika kila jibu neno hilo limeacha maana yake ya mezani. Mhariri mkali angenung'unikia STANLEY CUP, kwa kuwa kombe lile nalo ni chombo, na mabingwa hulinywea kweli. Angeuliza pia kisu kimekwenda wapi. Nawe uwe na ukali kama wake. Ukidhani umepata jibu la nne la mada lakini neno lake liko mwanzoni wakati mengine yako mwishoni, basi ama jibu si hilo ama mada siyo uliyoidhania.

Si kila mada ni ya miisho. Kuna zinazoficha neno katikati ya maneno mawili: katika "nchi nane" mmejificha China, na katika "pindi alipofika" mmejificha India, na msomaji hazioni nchi hizo mpaka apuuze nafasi kati ya neno na neno. Kwa aina hii, andika jibu refu kwenye pambizo bila nafasi na ulisome polepole kama mtoto anayejifunza silabi. Kuna zinazobadilisha, kuongeza au kupunguza herufi moja katika usemi unaojulikana, na vidokezo vyake karibu daima vina alama ya kuuliza: "Sababu ya mabomba kukauka?" jibu lake ni MKATO WA MAJI, uliozaliwa kutoka mkate wa maji kwa kubadili herufi moja. Ukishaona kwamba e imegeuka o mara moja, tarajia mageuzi yaleyale katika majibu yote ya mada. Usianze kutafuta a iliyogeuka i. Kuna pia mada za orodha tu, nukuu iliyokatwa vipande, na maneno yenye sauti moja yanayoandikwa kwa namna mbalimbali. Hizi hazihitaji mbinu maalumu.

Kisa kimoja cha kweli kinaonyesha kwa nini mada inastahili kuaminiwa hata kuliko herufi zinazokatana. Tarehe 5 Novemba 1996, siku Wamarekani walipokuwa wakipiga kura kumchagua rais, The New York Times lilitoa fumbo la Jeremiah Farrell ambalo kidokezo chake cha katikati kilitaja habari kuu ya gazeti la kesho, na mbele yake lilikuwapo neno ELECTED. Wengi walijaza CLINTON, wakashangaa kwamba gazeti limethubutu kutabiri. Wengine walijaza BOB DOLE, mpinzani wake, wakakasirika vilevile. Majina yote mawili yana herufi saba, na kila neno la wima lilikuwa limetungwa likubali yote mawili: mnyama mweusi wa Halloween alikuwa CAT kwa mmoja na BAT kwa mwingine, neno la darasa la kwanza la Kifaransa lilikuwa LUI au OUI, kitegemeo, kwa kifupi, kilikuwa IRA, akiba ya uzeeni, au BRA, sidiria. Aliyesadiki herufi peke yake aliona jibu moja. Aliyejiuliza kwa nini fumbo hili limechapishwa leo aliyaona mawili. Ukijikuta na majibu mawili yanayokubaliwa na mashahidi wote, usiharakishe kufuta. Huenda ndiyo mada yenyewe.

Hila za Alhamisi

Dalili ya hila ni hii: una uhakika na jibu, mashahidi wawili watatu wanalikubali, lakini haliingii katika visanduku vilivyopo. Siku nyingine ungelifuta. Alhamisi usilifute. Huenda kisanduku kimoja kinabeba herufi kadhaa.

Kwa Kiswahili ningeweza kulitunga hivi. Kidokezo cha mlalo kinataka neno lenye maana ya "chanzo cha jambo", nawe unajua ni SABABU, lakini visanduku ni vitatu tu. Kidokezo cha wima kinachokatana nacho kinataka "ukoo", nawe unajua ni NASABA, navyo ni vitatu. Kisanduku kinachoyakutanisha kina SABA nzima: SABA, B, U kwa mlalo, N, A, SABA kwa wima. Kwingineko katika jedwali MKUTANO na MAPATANO yanakatana katika TANO, na HUKUMIWA imemeza KUMI. Mara tu unapoona namba katika kisanduku kimoja, unaanza kuzitafuta katika pembe nyingine, na neno fupi lililokusumbua kwa robo saa linakuwa jepesi.

Hila nyingine ni majibu yanayokunja kona, yanayosomwa kinyumenyume, yanayoruka kisanduku cheusi, au yanayotoka nje ya mipaka ya jedwali. Zote zina tabia moja: zinatokea mahali pa mada, kwa ulinganifu au kwa mpango unaoeleweka, na maneno ya kawaida yanayozizunguka hayadanganyi. Kwa hiyo jaza kwanza kona zisizo na majibu marefu. Tatizo likizunguka safu moja ndefu tu, hila iko hapo. Likitapakaa kila mahali, basi umekosea neno la kawaida, na hila haihusiki.

Ukikwama, na kabla ya kuweka kalamu chini

Liache. Nasema kwa dhati: liweke gazeti pembeni, upike chai, urudi baada ya saa moja. Kidokezo ulichokitazama mara ishirini kwa maana moja kitakuonyesha maana nyingine bila jasho, kwa sababu ukaidi wa kwanza umekwisha. Ukirudi na bado umekwama, futa neno ulilo na hakika nalo kidogo kuliko mengine katika kona hiyo, hata kama unalipenda. Mara nyingi kona nzima inashikiliwa na neno moja la uongo.

Pale ambapo majina mawili ya watu au mahali usiyoyajua yanakatana katika herufi moja, hakuna mbinu itakayokuokoa. Wapenzi wa mchezo huu Marekani huuita mkatano wa namna hiyo Natick, kwa jina la mji mdogo wa Massachusetts uliowahi kuwakwamisha kwenye fumbo. Jaza irabu inayoelekea zaidi na uendelee. Kutazama jibu katika toleo la kesho nako si dhambi. Katika vitendawili vyetu aliyeshindwa hutoa mji, akaambiwa jibu, na mchezo ukaendelea. Fanya vivyo hivyo, mradi neno hilo uliandike kwenye daftari.

Jedwali likishajaa, usitangaze kwamba umemaliza. Soma upya kila neno la wima, moja baada ya jingine, bila kuangalia ya mlalo, kwa kuwa wengi wetu tunajaza kwa mlalo na makosa hujificha kwenye wima. Angalia zaidi miisho uliyoibahatisha, yaani zile S na ED ulizoziandika hafifu mwanzoni, halafu majina ya watu, halafu maneno ya kigeni. Katika programu ya simu utajua upesi kwamba kuna kosa, ila hutaonyeshwa liko wapi mpaka uombe msaada. Kwenye karatasi huna wa kukuambia lolote. Chukua kifutio, rudi kwenye kisanduku ambacho herufi yake ina shahidi mmoja tu unayemwamini, uanzie hapo.